Kupanga makala ya picha kuhusu akili za wanyama: mwongozo kamili kuanzia wazo mpaka kiwandani

Makala nyingi za akili za wanyama zinaharibika kabla hata sentensi ya kwanza haijaandikwa, na kinachoziharibu ni orodha. Mtu anakaa anaandika "wanyama kumi wenye akili zaidi duniani", anaweka pomboo, sokwe, tembo, pweza, kasuku, anatafuta picha nzuri ya uso wa kila mmoja, aya mbili mbili, basi jarida linaenda kuchapwa. Msomaji anafungua, anashangaa kidogo, anafunga, na hana cha ziada kuliko alichokuwa anajua jana. Mi naamini kabisa kwamba makala ya namna hii inatakiwa imuonyeshe msomaji tumejuaje, yani mtafiti alifanya nini, mnyama akafanya nini, na kwanini hatuwezi kusema ni bahati tu, na kwasababu ni makala ya picha basi hiyo "tumejuaje" ionekane kwa macho, sio ijifiche kwenye aya ya nane. Hatua zote zinazofuata nimezipanga kuzunguka hilo.

HATUA YA 1: Chagua swali, mnyama atafuata

Akili ni uwanja mpana mno kuuingiza wote kwenye kurasa nane. Kuna kumbukumbu, kuna kuhesabu, kuna kutumia zana, kujitambua, kujifunza kwa kumtazama mwenzio, kupanga ya kesho, kuwasiliana, hata kudanganya, na kila kimoja kina watafiti wake, majaribio yake na mabishano yake. Chukua kimoja tu alafu kigeuze kiwe swali fupi ambalo mtoto wa miaka 11 angeliuliza bila kusaidiwa. Mfano: je mnyama anajua kwamba yule kwenye kioo ni yeye mwenyewe?

Ona hilo swali linavyojipanga. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Gordon Gallup alichapisha jaribio ambalo sokwe waliokwisha kuzoea kioo walipakwa alama ya rangi usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa, walipoamka wakajiona wakaanza kujigusa palepale penye alama. 2006 ikatoka taarifa ya tembo wa Asia anaeitwa Happy, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, aliyejigusa alama ya kichwani kwa mkonga. 2008 ikawa zamu ya magpai, ndege wa ukoo wa kunguru. 2019 akaja samaki mdogo msafishaji, yule anaekula vimelea kwenye miili ya samaki wengine, na hapo wanasayansi wakabishana kweli kweli. Alafu mbwa, ambae kila aliyefuga anajua ana akili, kwenye kioo huwa anashindwa, na 2017 Alexandra Horowitz akachapisha jaribio la harufu badala ya kioo, mbwa wakawa wanatumia muda mwingi zaidi kunusa harufu yao wenyewe ilipokuwa imechanganywa na harufu ngeni. Tayari una mwanzo, una mshtuko, una ubishi kuhusu kama kipimo chenyewe ni cha haki kwa mnyama anaeishi kwa pua. Hiyo ndio makala, na bado hujaandika kitu.

Swali likishapatikana liulize mambo matatu. Linajibika kwa jaribio? Jaribio lenyewe linachoreka? Na kuna watu wawili wenye elimu ambao hawakubaliani kuhusu jibu? Likikosa moja kati ya hayo tafuta lingine, usilazimishe.

Kitu kimoja nakusihi, achana na jedwali la kuwapanga wanyama kwanza wa pili wa tatu kwa akili. Hakuna mizani inayobeba hilo. Ubongo wa binadamu una kama kilo 1.3 hadi 1.4, wa tembo unakaribia kilo 5, wa nyangumi aina ya spemu unafika kama kilo 8. Ukisema basi tuhesabu niuroni, yani seli za neva, binadamu ana kama bilioni 86 na tembo wa Afrika ana kama bilioni 257, ila karibu zote za tembo ziko kwenye serebela, ile sehemu ya nyuma. Pweza ana kama milioni 500 na nyingi ziko kwenye mikono yake, hazipo kichwani. Nyuki ana kama milioni moja tu na bado anajifunza rangi na kumuelekeza mwenzie chakula kilipo kwa kucheza, kazi ambayo Karl von Frisch aliifumbua na 1973 akashiriki tuzo ya Nobel. Ukizitumia namba hizi zitumie kwenye mchoro unaomuonyesha msomaji kwanini mashindano hayawezekani.

Mfano nitakaoutumia kuanzia hapa ni huu: mnyama anaetengeneza zana anaelewa anachofanya, au anafuata mazoea tu? Nimeuchagua kwasababu mikono, midomo na vijiti vinachoreka vizuri, na kwasababu historia yake ina kona kali katikati.

HATUA YA 2: Kusanya ushahidi, alafu upime uzito wake

Hapa ndio nakaa zaidi kuliko hatua yoyote nyingine, na wewe ukae pia. Fungua jedwali la kawaida kwenye kompyuta, kila tukio lipate mstari wake, na kila mstari ujibu haya: nani alifanya utafiti na mwaka gani, wanyama walikuwa wangapi, walikuwa porini au wamefugwa, mnyama alifanya nini hasa kwa vitendo, na baada ya hapo nani alipinga au alirudia akapata nini. Safu ya mwisho ndio wengi wanairuka na ndio yenye dhahabu.

Chukua Betty. Betty alikuwa kunguru wa New Caledonia, visiwa vya bahari ya Pasifiki, aliyewekwa kwenye maabara Oxford, Uingereza. Watafiti walimuwekea yeye na dume mmoja, Abel, bomba la wima lenye kikapu kidogo cha nyama chini, na nyaya mbili, moja imenyooka na nyingine ina ndoano. Abel akachukua ile yenye ndoano, Betty akabaki na iliyonyooka, akaikunja mwenyewe akatengeneza ndoano akavuta kikapu. Walipomrudishia jaribio hilo na waya ulionyooka peke yake alifanikiwa mara 9 kati ya 10. Taarifa ikatoka 2002 kwenye jarida la Science na dunia nzima ikasema huyu ndege amebuni kitu kutoka kichwani. Makala nyingi zinaishia hapo mpaka leo! Lakini 2016 timu ya Christian Rutz ikaonyesha kwamba kunguru wa porini wa aina hiyohiyo huwa wanakunja vijiti vyao wanapotengeneza zana, ni sehemu ya kazi yao ya kawaida. Kwahiyo Betty aliona suluhisho papohapo, au alileta ufundi wa ukoo wake kwenye kitu kigeni, au vyote viwili? Makala inayompa msomaji 2002 bila 2016 inamdanganya hata kama kila sentensi yake ni kweli.

Ndio maana kila makala ya akili za wanyama, hata kama Hans haonekani kwenye kurasa, mwandishi wake lazima awe anamfahamu. Hans alikuwa farasi Berlin, mmiliki wake Wilhelm von Osten alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na farasi alijibu maswali ya kujumlisha kwa kugonga kwato. 1904 tume ikaundwa chini ya Carl Stumpf, ikakosa dalili ya udanganyifu. Kisha mtafiti Oskar Pfungst akaingia kwa utulivu akabadilisha masharti: muulizaji asiyejua jibu, farasi asiyemuona muulizaji. Hans akaanza kukosea. Ikaonekana alikuwa anasoma vitikisiko vidogo vya mwili wa muulizaji ambavyo muulizaji mwenyewe hakujua anavitoa, Pfungst akayachapisha 1907. Angalia basi, hakuna aliyedanganya, na farasi alikuwa na akili kali, ila haikuwa akili ya hesabu. Kwa kila jaribio kwenye jedwali lako jiulize: hapa Pfungst angebadilisha sharti gani?

Mfano mwingine wa kupima uzito ni Ayumu, sokwe mdogo wa Chuo Kikuu cha Kyoto. 2007 Sana Inoue na Tetsuro Matsuzawa walionyesha kwamba namba zikitokea kwenye skrini kwa milisekunde 210 tu kisha zikafunikwa, Ayumu alizigusa kwa mpangilio sahihi kuliko wanafunzi wa chuo. Ajabu ya kweli. Ila baadae watafiti wengine walionyesha kwamba binadamu wakipewa mazoezi ya kutosha nao wanafika kiwango hicho. Andika yote mawili kwenye mstari mmoja wa jedwali ili usiku wa dedlaini usichukue nusu.

Mnyama mmoja aliyelelewa na watu miaka mingi ni ushahidi wa aina yake. Alex, kasuku wa kijivu wa mtafiti Irene Pepperberg, alianza kufundishwa 1977 akafa 2007 na alijua majina ya rangi, maumbo na idadi, anatuonyesha kasuku anaweza kufika wapi, hatuonyeshi kasuku wa porini anafanya nini kila siku. Kwa upande wa pili kuna kazi ya Karen McComb na wenzake Amboseli, iliyotoka 2014, walipiga spika zenye sauti za watu wa jamii mbili na familia za tembo wa porini zikajikusanya kwa tahadhari zaidi zikisikia sauti za wanaume wa Kimaasai kuliko za wanaume wa Kikamba, au za wanawake na watoto. Hapo hakuna mafunzo, hakuna zawadi ya chakula. Weka alama ya rangi kwenye jedwali: mnyama mmoja, kundi la kufugwa, wa porini. Utaona haraka kama makala yako imeegemea upande mmoja.

HATUA YA 3: Ramani ya kurasa

Kabla ya kuandika chora visanduku vidogo kwenye karatasi, kila kisanduku ukurasa mmoja, viwili viwili vinavyotazamana. Kwenye majarida mengi ukurasa wa kushoto ni namba shufwa, kwahiyo makala ikianzia ukurasa wa 24 unapata spredi kamili, yani kurasa mbili zinazotazamana, ya kufungulia, ikianzia 25 unapoteza. Kaa na mhariri mlimalize hilo mapema.

Kwa mfano wetu wa zana, kurasa nane ningezigawa hivi. Spredi ya kwanza, picha moja kubwa ya kunguru wa New Caledonia ameshika kijiti chenye ndoano, kichwa cha habari, na maneno 40 tu ya kuuliza swali. Spredi ya pili, Gombe 1960, Jane Goodall anamuona sokwe aliyempa jina David Greybeard akitumbukiza majani kwenye kichuguu kuvua mchwa, na wakati huo kutengeneza zana kulihesabiwa ni kazi ya binadamu peke yake, kwahiyo hapa msomaji anaelewa kwanini swali lilikuwa zito. Spredi ya tatu ndio moyo: jaribio la Betty kwa michoro hatua kwa hatua upande wa kushoto, na 2016 upande wa kulia, vitazamane kabisa ili msomaji agongane na ubishi kwa macho yake. Ukurasa wa saba, pweza wa Indonesia wanaobeba vifuu vya nazi chini ya mwili kisha kuvitumia kama nyumba, utafiti wa 2009, kwasababu kubeba kitu kizito leo kwa ajili ya kukitumia baadae ni ushahidi wa aina tofauti. Ukurasa wa nane, Hans na maswali ambayo hayajafungwa.

Maneno kwa spredi yasizidi 350 hivi. Utaumia lakini picha ndizo zinabeba mzigo, ukijaza maandishi dizaina atapunguza mchoro mpaka usomeke kwa kukodoa macho. Na usianze kihistoria kwasababu tu mambo yalitokea kwa mpangilio huo, tarehe zitajieleza. Anza na picha inayomfanya mtu asimame.

HATUA YA 4: Kila picha ipewe kazi yake

Nenda kisanduku kwa kisanduku uandike chini ya kila picha sentensi inayoanza "hii inathibitisha kwamba..." Ikishindikana kuimalizia hiyo picha ni pambo. Pambo moja kwenye spredi ya kufungulia linaruhusiwa, zaidi ya hapo unaiba nafasi.

Fotografia ni nzuri kwa kuonyesha kwamba jambo lilitokea kweli, huyu mnyama, mahali hapa. Ila haiwezi kuonyesha mpangilio wa jaribio, haiwezi kuonyesha kilichotokea sekunde kabla na baada, hapo mchoro unashinda. Grafu ni nzuri pale ushahidi uko kwenye mwendo, mfano paka wa Edward Thorndike wa 1898 waliofungiwa kwenye visanduku vya mafumbo, muda wao wa kutoka ulishuka kidogo kidogo jaribio baada ya jaribio, na huo mteremko wenyewe ndio hoja yake kwamba wanajifunza kwa kujaribu na kukosea. Ramani weka tu kama mahali kunabadilisha maana.

Sasa makosa ya picha, haya yapo kila mahali na yananikera kwa dhati. Sokwe anaeonyesha meno yote ya juu na ya chini mara nyingi sana yuko kwenye hofu au anajinyenyekeza, ila anachapishwa akiwa na maelezo ya "anacheka". Pomboo haonekani anatabasamu kwasababu ana furaha, taya lake limeumbwa hivyo, atatabasamu hata akiwa mgonjwa. Tembo aliyetandaza masikio na kuinua kichwa mara nyingi anatoa onyo. Halafu spishi: kunguru wa New Caledonia ana mdomo ulionyooka kuliko kunguru wengine na ncha ya chini inapanda juu kidogo, ukinunua picha ya kunguru yeyote kwenye benki ya picha ukaandika jina lake mtaalamu ataliona kwa sekunde mbili. Tembo wa Asia ana kidole kimoja kwenye ncha ya mkonga na masikio madogo, wa Afrika ana viwili. Kasuku kama Alex ana mkia mwekundu wa kung'aa, ndugu yake, kasuku aina ya Timneh, mkia wake umefifia kuwa wa rangi ya damu ya mzee.

Usitumie sokwe waliovalishwa nguo au kuketishwa ofisini. Mbali na kwamba mafunzo ya kumfikisha hapo huwa yana mateso nyuma yake, utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha watu wanaojua sokwe wapo hatarini kutoweka ni wachache kuliko wanaojua hivyo kuhusu gorila au orangutani, na sababu iliyotajwa zaidi na wanaodhani hawapo hatarini ni kwamba wanawaona sana kwenye matangazo na filamu. Makala inayosifia akili ya mnyama haiwezi kumuonyesha akidhalilishwa.

HATUA YA 5: Brifu ya mchoraji

Mchoraji mzuri akipewa brifu mbovu, yani maelekezo mabaya ya kazi, anachora kitu kizuri kisicho kweli. Usimuandikie "chora kunguru mwenye akili". Mpe kitu kama hiki:

"Mchoro wa vipande vinne, upana wa ukurasa mmoja. Msomaji atakapomaliza aelewe kwamba ndege alikunja waya mwenyewe, hakupewa umekunjwa. Kipande cha 1: bomba la wima linaloonekana ndani, kikapu chenye mshikio kiko chini, mdomo wa ndege haufiki. Cha 2: ndege anatumbukiza waya ulionyooka, unashindwa. Cha 3: amebana ncha moja ya waya mahali, anavuta ncha nyingine kwa mdomo. Cha 4: kikapu kinapanda. Ndege awe na ukubwa uleule vipande vyote. Mdomo ufuate picha rejea namba 2. Asiwe na nyusi, asiwe na tabasamu, kusiwe na taa juu ya kichwa."

Hiyo sentensi ya mwisho usiione ndogo. Sote tumelelewa na hadithi za sungura mjanja, na mkono wa mchoraji unakimbilia huko wenyewe, jicho linakuwa la mtu, kichwa kinainama kama anafikiria. Ukishaweka uso wa binadamu umeshalijibu swali ambalo makala inaliuliza. Akili ionekane kwenye kazi, kwenye waya uliokunjwa na kikapu kilichopanda.

Ambatanisha picha rejea tatu au nne na video ya jaribio kama ipo, sema ukubwa kwa milimita, sema atarekebisha mara ngapi ndani ya malipo mliyokubaliana, na omba skechi ya penseli kwanza. Skechi ndio unamtumia mtafiti aikague, kwasababu kurekebisha penseli ni dakika kumi na kurekebisha kazi iliyokamilika ni siku mbili na ugomvi.

HATUA YA 6: Haki za picha

Hii ni ya kuchosha ila fanya mapema, picha nyingi za majaribio mwenye nazo ni chuo, au mpiga picha, au jarida la kisayansi, na mtafiti anaekujibu kwa furaha kwenye imeili anaweza asiwe na mamlaka ya kukupa. Uliza wazi: nani alipiga, nani anamiliki, naruhusiwa kuchapa na kuweka mtandaoni, kwa muda gani, jina liandikwe vipi. Hifadhi jibu.

Leseni za Creative Commons, zile ambazo mwenye kazi anakuruhusu kuitumia kwa masharti, zisome herufi kwa herufi. Yenye NC haifai kwa matumizi ya kibiashara, na jarida linalouzwa au lenye matangazo ni salama zaidi ulihesabu ni biashara. Yenye ND haikuruhusu kugawa toleo ulilolibadilisha, hata kukata pembeni kunaweza kukuletea shida. Picha za zamani kama za Hans nyingi zimeshatoka kwenye hakimiliki, lakini hifadhi inayozitunza inaweza kukutoza kwa faili kubwa. Na kama unajiuliza kuhusu mnyama aliyejipiga mwenyewe, lile lilishabishaniwa: kima wa Indonesia alibonyeza kamera ya David Slater 2011, kesi ikafunguliwa Marekani kwa niaba ya kima, na 2018 mahakama ya rufaa ikasema mnyama hana uwezo wa kushtaki kwa sheria ya hakimiliki ya huko.

Picha zilizotengenezwa na akili bandia mi nazikataa kabisa kwenye makala ya ushahidi. Programu itakupa pweza anafungua chupa kwa namna ambayo hakuna pweza aliyewahi kuifanya, na msomaji ataichukua kama shahidi. Chora kwa mkono, mchoro unajulikana ni mchoro.

HATUA YA 7: Andika kapsheni kabla ya makala

Watu wanasoma kichwa, wanaangalia picha, wanasoma kapsheni, yale maelezo ya chini ya picha, alafu wengi wanafunua. Kwahiyo mtu aliyesoma kapsheni peke yake aondoke na hoja yako sahihi. Kila kapsheni itaje mnyama wa aina gani, wapi, porini au amefugwa, mwaka kama unajulikana, na kinachoendelea. "Kunguru mjanja akionyesha ubunifu wake" haimsaidii mtu. "Betty, kunguru wa New Caledonia aliyefugwa Oxford, alikunja waya ulionyooka na kuvuta kikapu cha nyama. Miaka 14 baadae ilijulikana ndege wa porini nao hukunja vijiti" hiyo inatosha hata bila makala.

Vitenzi vipime. Alifanya, alijifunza, alikumbuka, alielewa, hizo ni ngazi na kila ngazi inadai ushahidi mzito zaidi. Mwanasaikolojia C. Lloyd Morgan aliweka kanuni 1894 kwamba tusieleze tendo la mnyama kwa uwezo wa juu wa akili kama uwezo wa chini unatosha kulieleza, na bado ni breki nzuri. Ila isigeuke kuwa ubahili, kuna upande wa pili wa kosa, kumnyima mnyama anachostahili kwasababu tu si mtu. Pweza aliyebeba kifuu umbali wote ule huku kinamchelewesha kutembea, kusema "silika tu" nako ni dai, na dai lolote linahitaji ushahidi. Pale watafiti wanapobishana andika wanabishana, taja hoja za pande zote, msomaji hatakimbia.

Makala yenyewe ukishakuwa na kapsheni inakuwa nyepesi, unaunganisha tu. Usirudie kwenye aya kile ambacho mchoro umeshasema.

HATUA YA 8: Mambo ya kiwandani

Kwa haraka. Picha ya kuchapwa iwe na pikseli 300 kwa inchi kwa ukubwa wake halisi, yani ukurasa wa A4 mzima unataka kama pikseli 2480 kwa 3508, na picha ya mtandaoni haiongezeki kwa kuivuta. Acha milimita 3 za kukatwa kila upande. Geuza rangi kwenda CMYK, zile rangi nne za uchapaji, kwa mpangilio wa kiwanda chako na uangalie buluu na kijani, ndizo zinazofifia, pweza na bahari yake wataathirika kwanza. Kwenye spredi usiweke jicho la mnyama wala ncha ya zana kwenye mkunjo wa katikati. Michoro isitegemee nyekundu na kijani peke yake kutofautisha vitu, wako wasomaji wengi wasioziona tofauti, ongeza namba au mistari.

HATUA YA 9: Ratiba na ukaguzi wa mwisho

Wiki kumi zinatosha bila kukimbizana: mbili za swali na jedwali, moja ya ramani ya kurasa na kuomba haki, tatu za mchoraji kuanzia skechi mpaka kazi kamili huku wewe unaandika kapsheni na makala, mbili za mpangilio, moja ya ukaguzi, na moja ya akiba ambayo utaihitaji. Maombi ya haki yatume wiki ya tatu hiyo hiyo, majibu huwa yanachelewa.

Ukaguzi ufanywe na mtu ambae hakuandika. Achukue kalamu, apige mstari chini ya kila jina, mwaka, namba na kitenzi cha akili, arudi kwenye jedwali la hatua ya 2 aone kila kimoja kimetoka wapi. Mtafiti umtumie michoro na aya zinazohusu kazi yake ili akague ukweli, na mkubaliane mapema kwamba anakagua ukweli, hapangi sifa. Kama kuna anaempinga, mpigie na huyo pia, hata dakika kumi za simu zitakusaidia.

Kisha chapa kurasa zote kwa ukubwa wake halisi uzitandaze sakafuni, hapo utaona kapsheni zilizohama picha zilipobadilishwa nafasi. Na angalia kama dizaina amegeuza picha kushoto kulia ili mnyama atazame ndani ya ukurasa, wanapenda sana kufanya hivyo kwasababu inapendeza. Kwa makala hii katazeni. Kila kunguru wa New Caledonia huwa ana upande anaopendelea kushikia kijiti, na zana wanazokata kwenye majani ya mti wa pandanasi wanazikata zaidi ukingo wa kushoto wa jani, kwahiyo picha iliyogeuzwa imebadilisha data. Rudisha ilivyokuwa, msogeze ndege ukurasa wa pili kama ni lazima, ndio upeleke faili kiwandani.